Msimamo wa Mwandishi na Hatima ya Kazi Yake: Maisha ya Aniceti Kitereza (1896–1981)

1.0 Utangulizi

Eneo linaloanzia Tinde, mahali barabara itokayo Nzega inapogawanyika, mkono mmoja ukielekea Shinyanga na Mwanza na mwingine ukielekea Kahama, na kuendelea hadi kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita na visiwa vya kusini mwa Ziwa Victoria, ni eneo lenye lugha nyingi za Kibantu zinazopakana na kuathiriana. Kisukuma, Kinyamwezi, Kisumbwa, Kizinza, Kijita na Kikerewe ni baadhi tu ya lugha hizo. Fasihi simulizi yake ni pana, na wasimulizi wake hawahesabiki. Hata hivyo, fasihi andishi katika lugha hizo ni haba, na waandishi wa eneo hili waliopata kusomwa nje ya Tanzania ni wachache zaidi.

Miongoni mwa wachache hao yumo Aniceti Kitereza wa Ukerewe. Alikamilisha riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945; ikatoka kwa Kiswahili miaka thelathini na mitano baadaye, na yeye mwenyewe akafariki kabla nakala hazijamfikia. Maisha yake yanaibua swali ambalo wahakiki hulijibu kwa haraka mno: je, msimamo wa mwandishi kuhusu kazi yake una nafasi gani katika mafanikio yake? Jibu la kawaida ni kwamba mwandishi mwenye subira na moyo thabiti hufanikiwa, na mwenye pupa hushindwa. Makala haya yanaonyesha kuwa, kwa upande wa Kitereza, jibu hilo ni nusu ya ukweli. Msimamo wake uliiwezesha kazi kuandikwa na kudumu. Haukuweza peke yake kuichapisha.

Kwa madhumuni ya makala haya, msimamo unachukuliwa kuwa na pande tatu: namna mwandishi anavyoitazama mada yake, namna anavyomtazama msomaji wake, na namna anavyoyatazama malipo ya jasho lake, yawe fedha au sifa. Vivyo hivyo, mafanikio ya kazi yanatenganishwa na mafanikio ya mwandishi, kwa kuwa mambo haya mawili hayatokei wakati mmoja daima.

2.0 Malezi na Elimu

Kitereza alizaliwa Ukerewe mwaka 1896, katika ukoo wa Abasilanga uliokuwa ukitawala kisiwa hicho. Alikuwa mjukuu wa Omukama Machunda. Baba yake alifariki angali mtoto mdogo, naye akalelewa katika boma la Omukama Mukaka, jamaa yake aliyekuwa akitawala wakati huo. Malezi ya bomani yalimweka karibu na wazee waliojua nasaba, mashauri, miiko na taratibu za utawala. Kwa mtoto mwenye sikio la kusikiliza, hicho kilikuwa chuo cha kwanza.

Chuo cha pili kilikuwa misheni ya Kikatoliki ya Kagunguli, iliyoanzishwa na Mapadri Weupe, ambako alianza masomo mwaka 1905. Kutoka huko alipelekwa seminari ya Rubya, upande wa magharibi wa ziwa, akakaa takriban muongo mmoja. Alisoma Kilatini na Kijerumani pamoja na mafunzo ya dini na falsafa. Ilikuwa elimu nzito, na Waafrika wa kizazi chake walioipata walihesabika kwa vidole. Kitereza hakuendelea hadi upadri. Alirudi Ukerewe akiwa mlei na mwalimu wa dini.

Vyuo viwili hivyo vingeweza kumgawa. Wasomi wengi wa wakati wake walijifunza kuyatazama mambo ya wazee wao kwa macho ya misheni, yaani kama giza lililopaswa kuondolewa. Wengine waliupa mgongo usomi wenyewe. Kitereza hakufuata njia yoyote kati ya hizo. Alibaki Mkatoliki wa dhati maisha yake yote, na wakati huohuo akayaona maarifa ya Wakerewe kuwa maarifa kamili, yanayostahili kuandikwa kwa uangalifu uleule ambao Wazungu waliutumia kuandika ya kwao. Upande wa kwanza wa msimamo wake, yaani mtazamo kuhusu mada, ulijengeka hapo.

3.0 Ndoa na Miaka ya Kazi

Mwaka 1919 Kitereza alimwoa Anna Katura. Ndoa hiyo ilidumu kwa miongo mingi, lakini wawili hao hawakujaliwa kubaki na mtoto hata mmoja aliye hai. Katika jamii ya Wakerewe, kama ilivyo kwa majirani zao Wasukuma na Wazinza, kukosa mtoto halikuwa jambo la watu wawili tu. Lilikuwa jambo la ukoo mzima: nani angerithi, nani angelitaja jina la marehemu, nani angeyatunza makaburi. Mume aliyekosa mtoto alitazamiwa kuongeza mke au kumwacha aliyenaye. Kitereza hakufanya hivyo.

Kwa miaka kadhaa alifanya kazi ya ukarani katika kampuni ya Waitaliano. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipozuka na biashara za Waitaliano kukwama katika makoloni ya Waingereza, alirejea Ukerewe na kuishi karibu na misheni ya Kagunguli. Aliifanyia misheni kazi za tafsiri, na pia akawa anakusanya hadithi, methali na habari za kale za kisiwa. Alikuwa anaingia katika umri wa miaka arobaini na kitu, hana cheo kikubwa, hana mali, wala hana mtoto. Kwa vipimo vya kijiji na vya serikali ya kikoloni, huyo hakuwa mtu aliyefanikiwa.

4.0 Kuandikwa kwa Riwaya

Misheni ya Kagunguli wakati huo ilikuwa na padri Mkanada, Almas Simard, aliyejali sana lugha na desturi za wenyeji. Simard ndiye aliyemshauri Kitereza asiziandike desturi za wazee kama orodha kavu, bali azisuke katika kisa ambacho watu wangependa kukisoma. Ushauri huo ulikuwa na uzito mkubwa kifasihi. Bila huo, huenda Kitereza angeacha madaftari ya mila, kama walivyofanya wengi, na madaftari hayo yangesomwa na wanaethnografia peke yao.

Kisa alichokisuka ni cha mume na mke, Myombekere na Bugonoka, wanaopendana lakini hawana mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao. Mume anakwenda kumrejesha, anatozwa pombe ya ndizi kama faini, anaitafuta, anaipeleka. Baadaye wanahangaika kwa mganga hadi wanapata mwana, Ntulanalwo, na kisha binti, Bulihwali, ambao maisha yao yanaendeleza riwaya. Katikati ya matukio hayo msomaji anaonyeshwa namna ya kulima, kuvua, kupika pombe, kupokea wageni, kuuguza, kuoza na kuzika. Wakati wa kisa ni kabla ya kuja kwa Wazungu.

Ni rahisi kusema kwamba Kitereza aliandika maisha yake mwenyewe. Ufanano upo, lakini mhakiki hana budi kuwa mwangalifu. Myombekere anapata watoto; mwandishi wake hakubakiwa nao. Linaloweza kusemwa kwa uhakika zaidi ni kuwa mwandishi aliijua kwa ndani fedheha ya nyumba isiyo na mtoto, na kwamba hakuitumia kujililia. Hasira haimo katika riwaya, wala kisasi dhidi ya jamaa wanaosema maneno makali. Jamaa hao nao wanapewa sababu zao.

Vilevile haimo hukumu ya kidini. Mwandishi aliyelelewa seminari anamwacha mganga aagize dawa na kutoa masharti yake bila kumkatiza kwa mahubiri. Kujizuia huko ndiko kulikoipa riwaya thamani yake ya kudumu. Kama angeandika ili awafurahishe wakuu wa misheni, kazi ingepata wasomaji wa muda na kisha ingezeeka pamoja na mahubiri yake. Kama angeandika ili kuwasuta, ingezeeka pamoja na ugomvi. Aliandika ili vijana wa Ukerewe wajue wazee wao waliishi vipi, na walizungumza lugha ya namna gani. Msomaji huyo aliyekusudiwa, kijana asiyejua, ndiye anayeeleza utulivu na ukamilifu wa maelezo yanayowachosha baadhi ya wasomaji wa leo.

5.0 Uteuzi wa Lugha na Gharama Yake

Uteuzi wa Kikerewe ulikuwa na gharama. Tangu mwaka 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilikuwa ikisanifisha Kiswahili na kuhimiza vitabu katika lugha hiyo. Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki ilipoanzishwa mwaka 1948, mwandishi wa Kiswahili alipata mlango mwingine wa kubisha. Mwandishi wa lugha yenye wasemaji wachache alibaki akitegemea mitambo ya misheni, nayo misheni ilikuwa na vitabu vya sala na katekisimu vya kuchapa kwanza.

Ulinganisho na Shaaban Robert (1909–1962) unasaidia hapa. Wote wawili walikuwa na msimamo mkali wa kuthamini lugha ya mama, na wote wawili waliandika bila uhakika wa malipo. Lakini lugha ya mama ya Shaaban Robert ilikuwa ndiyo lugha iliyosanifishwa, na ndiyo iliyotafutiwa vitabu vya shule. Kusadikika ilichapishwa London mwaka 1951, mwandishi akiwa hai. Hata hivyo, yeye pia aliacha miswada nyuma yake: Kufikirika ilitoka mwaka 1967, miaka mitano baada ya kifo chake. Tofauti ya hatima zao kwa hiyo haiwezi kuelezwa kwa tofauti ya bidii au ya moyo. Inaelezwa kwa kiasi kikubwa na nafasi ya kila lugha katika soko la vitabu.

Jitihada za kuuchapisha mswada wa Kikerewe hazikufaulu. Padri Simard alichukua nakala kwenda nayo Kanada na akaanza kuifasiri kwa Kifaransa, lakini alifariki kabla ya kuimaliza kazi hiyo. Kitereza alipoteza rafiki, na kwa wakati uleule akapoteza daraja pekee lililokuwa likimuunganisha na wachapishaji.

6.0 Miaka ya Kungoja

Kipindi kati ya mwaka 1945 na mwishoni mwa miaka ya 1960 ndicho kinachoupima msimamo wa Kitereza kwa upande wake wa tatu, yaani upande wa malipo. Mswada ulikuwa umekamilika, hauna mchapishaji, na mwandishi alikuwa anazeeka. Utawala wa Waingereza ulikwisha, uhuru ukaja mwaka 1961, na hakuna kilichobadilika kwa mswada huo.

Historia ya fasihi ya Kiafrika ina mifano ya waandishi walionyamaza baada ya kungojeshwa. Thomas Mofolo wa Lesotho alimaliza kuandika Chaka kwa Kisotho karibu na mwaka 1910. Misheni iliyomlea iliichapisha mwaka 1925. Hadi alipofariki mwaka 1948 hakuwa ametoa riwaya nyingine mpya. Si haki kuueleza ukimya huo kwa sababu moja, wala kumhukumu Mofolo kuwa na moyo dhaifu. Lakini mfano wake unaonyesha kuwa ucheleweshaji una uwezo wa kuua kazi ambazo hazijazaliwa, na kwamba ustahimilivu si jambo la kudaiwa kwa kila mwandishi.

Kitereza hakuacha kuandika. Aliendelea na habari za koo na za watawala, pamoja na hadithi na maelezo ya lugha, na maandishi yake yakawafaa watafiti waliofika kisiwani. Mswada wa riwaya aliuhifadhi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini katika nyumba ya kijijini, yenye unyevu wa ziwa na mchwa, karatasi hazidumu zaidi ya miaka ishirini bila mtu anayeamua kila mwaka kwamba zinastahili kutunzwa. Kwa maana hiyo, msimamo wa mwandishi haukuwa hisia tu. Ulikuwa kazi ya mikono.

7.0 Kugeukia Kiswahili

Mwishoni mwa miaka ya 1960, mwanahistoria Mmarekani Gerald Hartwig alifika Ukerewe pamoja na mkewe Charlotte kwa ajili ya utafiti wa historia ya Wakerewe. Walimkuta Kitereza akiwa na zaidi ya miaka sabini, na wakaujua mswada wake. Walimhimiza aufasiri kwa Kiswahili ili upate mchapishaji, na mwaka 1972 wakaandika makala ya kitaaluma yaliyomtambulisha kwa wasomi wa fasihi ya Kiafrika. Methali ya mgeni kuja ili mwenyeji apone ilikuwa na ukweli wake hapo, ingawa ugonjwa wenyewe ulikuwa umedumu robo karne.

Kitereza alikubali. Hapa ndipo msimamo wake unapohitaji kutazamwa kwa makini zaidi, maana kuna tofauti kati ya uthabiti na ukaidi. Angeweza kudai kuwa kazi iliyoandikwa ili kuhifadhi Kikerewe haiwezi kutoka katika lugha nyingine bila kujikana. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu, na mswada ungebaki sandukuni. Badala yake alitenganisha lengo na chombo. Lengo, yaani kuwafikishia vijana maarifa ya wazee wao, hakuligusa. Chombo alikibadili, tena kwa mkono wake mwenyewe, katika umri ambao wengi hawawezi hata kusoma bila kusaidiwa.

Kiswahili alichokiandika kina athari za wazi za Kikerewe katika miundo ya sentensi na katika mtiririko wa mazungumzo, na majina ya wahusika wake hayakugeuzwa. Wapo wanaoziona athari hizo kuwa kasoro. Kwa mtazamo wa isimu, ni ushahidi wa mwandishi aliyekuwa akikitanua Kiswahili ili kibebe ulimwengu ambao hakikuwa kimewahi kuubeba.

8.0 Uchapishaji na Kifo

Mswada wa Kiswahili ulipokelewa na Tanzania Publishing House, shirika lililoanzishwa mwaka 1966. Ulikuwa mrefu kupita kiasi cha kawaida, na kuchapishwa kwake kulichukua miaka mingine. Hatimaye Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali ilitoka ikiwa na tarehe ya mwaka 1980. Ilipigwa chapa China, na nakala zikaletwa kwa meli.

Aniceti Kitereza alifariki tarehe 20 Aprili 1981. Nakala zilikuwa bado hazijamfikia.

Methali ya mvumilivu kula mbivu, inayotajwa mara nyingi waandishi wanapoaswa, haimfai Kitereza. Alivumilia, wala hakula. Wanaoitumia hadithi yake kuwafundisha vijana kwamba subira hulipa wanaipindisha. Subira ilimlipa msomaji, mwandishi hakulipwa. Miaka thelathini na mitano ilipotea kwa sababu hapakuwa na taasisi iliyoona kuwa ni wajibu wake kuchapa riwaya ya Kikerewe, na hapakuwa na utaratibu wa kufasiri kazi kama hiyo bila kungoja mgeni apite njia.

9.0 Baada ya Kifo

Mafanikio ya kazi yalikuja baadaye. Wilhelm Möhlig aliifasiri kwa Kijerumani, na tafsiri yake ikaanza kutoka mwaka 1991. Tafsiri ya Kifaransa, lugha ambayo Simard alikuwa ameianza miongo kadhaa nyuma, ilitoka mwaka 1996 kwa kazi ya Simon Baguma Mweze na Olivier Barlet. Mwaka 2002 mwandishi Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe, alitoa tafsiri kamili ya Kiingereza kupitia Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam. Mwanzilishi wa Mkuki na Nyota, Walter Bgoya, ndiye aliyekuwa akiiongoza Tanzania Publishing House riwaya ilipotoka kwa Kiswahili. Kazi ilipata, kwa hiyo, watu walioibeba kutoka kizazi hadi kizazi.

Kwa nini waliibeba? Hapa msimamo wa mwandishi unarudi kwa nguvu. Möhlig na Ruhumbika hawakumfasiri Kitereza kwa kumhurumia. Walimfasiri kwa sababu kazi ina kitu ambacho hakipatikani kwingine: maisha ya jamii ya Kiafrika kabla ya ukoloni, yakiandikwa kwa ndani, bila kuomba radhi na bila kujigamba. Ubora huo ulitokana na namna Mkerewe mmoja alivyoitazama mada yake na msomaji wake katika miaka ya 1940.

10.0 Hitimisho

Maisha ya Kitereza yanaonyesha kwamba msimamo wa mwandishi huathiri mafanikio kwa njia mbili zilizo dhahiri na moja isiyo dhahiri. Kwanza, huamua aina ya kazi itakayoandikwa. Pili, huamua kama mswada utatunzwa na kukubali kugeuzwa pale unapopatikana mlango mwingine. Tatu, na hili husahauliwa, huweka kipimo ambacho kwacho mwandishi atayapima maisha yake. Mtu aliyeandika kwa ajili ya vijana wasiojua hakuwa na sababu ya kuuchoma mswada kwa kukosa sifa, kwa kuwa sifa haikuwa mkataba wake.

Lakini msimamo haujengi mtambo wa kupigia chapa. Taaluma ya Kiswahili inapomsifu Kitereza kwa uvumilivu wake, haina budi pia kuihesabu miaka aliyonyimwa. Kutoka Tinde hadi Geita na kuvuka hadi visiwani, lugha zinazokizunguka Kiswahili zina wasimulizi, makatekista na walimu wastaafu wenye madaftari. Kumngoja kila mmoja wao awe na moyo wa Kitereza ni kuigeuza fadhila ya mtu mmoja kuwa sera. Mwanafunzi wa uzamili atakayekwenda uwandani akiwa na swali la isimu au la fasihi simulizi anaweza kuongeza swali moja jepesi kwa kila mwenyeji wake: kama kuna chochote alichokiandika. Kitereza aliulizwa swali hilo akiwa na zaidi ya miaka sabini, na na wageni waliofika kwa ajili ya utafiti mwingine.